Mwanasheria Aliyegeuka Askofu wa Unguja

Katika Uingereza ya karne ya 18, uaskofu wa Kanisa la Anglikana ulikuwa ngazi ya kupanda. Padri msomi mwenye ndugu au rafiki karibu na mfalme alianzia kiti maskini, mara nyingi Wales, akavumilia miaka michache, kisha akahamishiwa kiti kinono zaidi. Benjamin Hoadly aliipanda ngazi hiyo hadi juu: Bangor mwaka 1716, Hereford 1721, Salisbury 1723, na hatimaye Winchester 1734, kiti kilichohesabiwa miongoni mwa viti tajiri kuliko vyote. Alikikalia hadi kifo chake mwaka 1761.

Wengine walikwama. Richard Watson alipewa Llandaff, kiti maskini cha Wales, mwaka 1782, akasubiri kuhamishwa, asihamishwe. Basi alijenga nyumba kando ya ziwa Windermere, kaskazini mwa Uingereza, mbali sana na waumini wake, akajishughulisha na kupanda miti. Dayosisi yake aliitembelea mara chache, na cheo hakukiacha mpaka alipofariki mwaka 1816, baada ya miaka 34.

Malalamiko yalipozidi, Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1836 kupunguza tofauti hizo. Hata baada ya kupunguzwa, Askofu Mkuu wa Canterbury alipangiwa pauni 15,000 kwa mwaka, Askofu wa London 10,000, na wa Durham 8,000. Wakati huohuo mapadri wasaidizi wengi vijijini hawakufikisha hata pauni 100.

Kwa mtu aliyeyazoea mambo hayo, kilichofanyika Westminster Abbey tarehe 24 Agosti 1874 kilikuwa cha ajabu kidogo. Siku hiyo Edward Steere, mwenye umri wa miaka 46, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa mahali pasipo na jumba la askofu, wala mashamba ya kanisa, wala kiti katika Bunge la Malordi. Makao yake yangekuwa Unguja, katika nchi ya sultani Mwislamu, na eneo lake lilianzia pwani na kuingia bara hadi pasipojulikana mpaka. Kazi aliyoifanya huko ingali inaonekana Mkunazini, mjini Unguja, na imeacha alama katika Kiswahili kinachosomwa leo.

Kutoka mahakamani hadi Skegness

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828, mtoto wa mwanasheria, naye akaifuata njia ya baba. Alisoma University College, London, akapata shahada ya uzamivu ya sheria mwaka 1850, na mwaka huohuo akaruhusiwa kutetea kesi mahakamani. Lakini mahakama haikumshika. Fedha na muda wake vilikwenda zaidi kwenye vyama vya vijana wa kanisa vilivyohudumia maskini, na mwaka 1856 akawekwa wakfu kuwa shemasi.

Alianza Devon, kusini-magharibi, kisha akahamia Skegness, pwani ya Lincolnshire, ambayo wakati huo ilikuwa kijiji tu cha watu wa baharini na wakulima. Huko ndiko alikojulikana kwa tabia iliyomfaa sana baadaye: alikuwa padri wa kukunja mikono ya shati. Kilichohitaji kuchongwa alichonga, kilichohitaji kujengwa alijenga, na mahubiri yake yalikuwa mafupi na wazi. Baadaye akapewa usimamizi wa kanisa la Little Steeping, karibu na hapo. Mtu mwingine angezeekea hapo kwa raha zake.

Rafiki yake wa jirani ndiye aliyemtoa. William Tozer, padri wa Burgh le Marsh, aliteuliwa mwaka 1863 kuwa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, UMCA. Steere akakubali kumsindikiza kwa muda, amsaidie kuanza, kisha arudi. Mkewe alibaki Uingereza, na kwa sehemu kubwa ya maisha yao yaliyobaki walitenganishwa na bahari.

Misheni iliyoanza kwa msiba

UMCA ilizaliwa kutokana na hotuba. Desemba 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge, akawaomba vijana wa chuo hicho waende Afrika kuendeleza njia aliyoifungua. Waliitika, na Oxford, Durham na Dublin wakaungana nao. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, aliwekwa wakfu Cape Town tarehe 1 Januari 1861. Akaenda Magomero, katika Malawi ya leo, akajikuta katikati ya vita vya kukamata watumwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Januari 1862, alikufa kwa homa kando ya mto Shire. Dawa zake zilikuwa zimezama pamoja na mtumbwi.

Tozer na Steere waliikuta misheni hiyo ikiwa imebaki makaburi na wagonjwa. Walijaribu kukaa juu ya mlima Morambala, wakaona hapafai, na Tozer akakata shauri ambalo Livingstone hakulisamehe: kuhama bara kabisa. Agosti 1864 wakashuka Unguja, mji ambao njia zote za misafara zilielekea, wakapanga nyumba Shangani.

Haukupita muda Sultani Majid akawapa watoto watano wa kiume waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, aliwekwa wakfu na Steere kuwa shemasi mwaka 1879.

Lakini mwanzoni mwalimu na wanafunzi hawakuelewana hata kwa salamu. Watoto walitoka makabila mbalimbali ya bara, na Waingereza hawakuwa na Kiswahili. Tozer alikuwa na mambo mengi ya uongozi. Kazi ya lugha ikamwangukia mwanasheria.

Kusikiliza mji

Steere hakuanzia patupu. Johann Ludwig Krapf alikwishafanya kazi kubwa Mombasa tangu miaka ya 1840, akiandika sarufi na kukusanya msamiati. Kiswahili cha Krapf, hata hivyo, kilikuwa cha Kimvita, na Steere alikuwa Unguja, ambako maneno, matamshi na viambishi vilitofautiana. Akaamua kuandika alichokisikia palepale alipo.

Palitokea jambo moja linaloonyesha alivyofikiri. Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni mkubwa wa Unguja, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi na fasaha. Yafaa kulitazama tukio hilo vizuri: shehe wa Kiislamu akimsaidia padri Mkristo kuzitia Zaburi katika lugha ya pwani. Hawakufika mbali, zaburi chache za mwanzo tu. Shehe alikuwa na shughuli nyingi, na Steere aliona kwamba Kiswahili chake ni cha kisomi mno kwa watu aliotaka kuwafikia. Alikitaka kile cha barazani na jikoni, ambacho mtoto aliyeshushwa jahazini angekishika ndani ya miezi michache.

Hivyo akageukia wasimulizi wa hadithi. Walizungumza, naye akaandika kama walivyotamka. Matunda yake yalitoka London mwaka 1870 kwa jina la *Swahili Tales*, ukurasa mmoja Kiswahili, wa pili Kiingereza. Ndani yake yumo Sultani Darai na paa wake mwaminifu, yumo Liongo, na yumo Goso, mwalimu aliyekuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa alipanda mtini, buyu likaanguka, likamuua mwalimu. Wanafunzi wakatoka kumsaka muuaji, wakaanza kwa kuupiga upepo wa kusi. Kusi ukajitetea kwamba ungekuwa na nguvu usingezuiwa na kiambaza. Kiambaza kikamsingizia panya anayekitoboa, panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, na lawama zikaendelea hivyo kupitia kisu, moto, maji na ng'ombe, hadi zikamfikia paa mwenyewe, ambaye hakuwa na la kujibu. Hadithi hiyo husimuliwa mpaka leo kwa majina na wanyama tofauti, na Steere ni miongoni mwa watu wa kwanza kuifikisha kwenye karatasi.

Mwaka huohuo wa 1870 alitoa kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, ambacho wageni waliokuja pwani walikitegemea kwa miaka mingi. Mpangilio wake unamwonyesha mwandishi wake: ngeli zimetengwa moja moja, kila kanuni ina mfano, na mambo yasiyo na hakika yametajwa kuwa hayana hakika.

Vitabu vidogo vya kwanza havikwenda kupigwa chapa Ulaya. Misheni ilikuwa na mtambo wake wa chapa Unguja, na vijana waliotoka jahazini walijifunza kupanga herufi za risasi moja baada ya nyingine, kutia wino na kuvuta mkono wa mtambo. Kitabu cha Steere cha mkusanyo wa maneno ya Kishambala kilipigwa chapa hapo mwaka 1867. Baadaye aliandaa vingine vya Kiyao na Kimakonde, kwa kuwasikiliza wenye lugha hizo waliofikishwa Unguja na misafara ya watumwa.

Kanisa juu ya soko

Mwaka 1868 Steere alirudi Little Steeping, akidhani zamu yake imekwisha. Lakini habari za Unguja zilikuwa mbaya. Kipindupindu kiliupiga mji, na Aprili 1872 kimbunga kikaangusha nyumba, mikarafuu na majahazi. Tozer alikuwa mgonjwa. Steere alirudi mwaka huo na kukuta watenda kazi hawatoshi hata kuendesha shule ya Kiungani, akaibeba misheni kwa miaka miwili akiwa padri tu. Tozer alijiuzulu mwaka 1873.

Juni 1873 ikaleta badiliko kubwa. Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza kupitia balozi wao John Kirk na manowari zilizokuwa nyuma yake, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia kusafirishwa kwao baharini. Utumwa wenyewe haukuisha. Kisheria ulidumu Unguja hadi mwaka 1897. Lakini soko la Mkunazini lilifungwa, na uwanja ukabaki mtupu.

Misheni ikautaka uwanja huo. Sehemu yake ilinunuliwa, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Kwanza palijengwa kibanda cha udongo, na Steere akaanza kuhubiri humo kwa Kiswahili. Siku ya Krismasi mwaka 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa kubwa.

Steere hakuwaachia kazi wasanifu wa Ulaya. Mwenyewe alikuwa juu ya jukwaa, akipima, akikagua chokaa, akibishana na waashi. Shida yake kubwa ilikuwa paa. Nyumba za Mji Mkongwe huezekwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni virefu na vyembamba. Kanisa alilolikusudia lilikuwa na upana wa takriban futi 28, na boriti hazifiki. Mbao za Ulaya zingekuwa ghali, na mchwa wangezimaliza.

Akaamua kutengeneza paa la kuba refu la zege, kutoka ukuta hadi ukuta, bila nguzo katikati: mawe ya matumbawe yaliyopondwa yakichanganywa na saruji iliyoletwa kutoka Uingereza, yakamiminwa juu ya kiunzi cha mbao. Wapo waliotabiri kwamba siku kiunzi kitakapotolewa, mzigo wote utashuka chini. Kiunzi kilitolewa na paa likabaki juu. Limesimama tangu wakati huo, kwa zaidi ya karne moja, kwenye jengo linalochanganya mtindo wa makanisa ya Ulaya ya kale na matao na mapambo ya pwani.

Wageni wanaolitembelea leo huonyeshwa altare, na huambiwa kwamba iko mahali uliposimama mti waliofungiwa watumwa wakichapwa viboko.

Askofu asiye na mshahara

Mfumo wa UMCA ulikuwa kinyume cha ule wa Winchester na Durham. Watenda kazi wake hawakulipwa mshahara. Walipewa chakula, malazi na fedha kidogo za matumizi, wakala meza moja. Askofu naye alikuwa mezani hapo.

Majukumu yake kama askofu hayakuwa madogo. Mwaka 1875 alifunga safari kutoka Lindi kwenda kwa Mataka, mtawala mkubwa wa Wayao, katika mji wa Mwembe ulioko upande wa Msumbiji ya leo. Aliifanya njia hiyo kwa miguu, akifuata nyayo za misafara ileile iliyoteremsha watumwa pwani. Nia ilikuwa kuitafuta tena njia ya kuelekea Ziwa Nyasa, upande ambako Mackenzie alishindwa.

Mwaka 1876 akaongoza kundi la watumwa walioachwa huru, wanaume na wanawake, waliotaka kurudi bara. Lengo lilikuwa kusogea kuelekea ziwani. Walipofika Masasi wakaona ardhi ni nzuri, maji yapo, na watu wamechoka. Wakakataa kuendelea. Steere hakuwalazimisha. Akapima viwanja, akagawa mashamba, akawasaidia kuanza kujenga, kisha akarudi pwani. Masasi ikawa nguzo ya Uanglikana kusini mwa Tanzania.

Nyuma yake, Mbweni, nje kidogo ya mji wa Unguja, kulikuwa na kijiji kingine cha walioachwa huru kwenye shamba la misheni, pamoja na shule ya wasichana. Maisha ya huko hayakuwa uhuru mtupu. Misheni ilikuwa mwenye ardhi, mwajiri, mwalimu na hakimu kwa wakati mmoja. Aliyetoka kwenye amri ya bwana mmoja aliingia katika ratiba ya kengele, kazi na sala. Kwa baadhi yao hiyo ilikuwa afadhali kubwa, na wengine waliondoka kutafuta vibarua mjini. Swali la namna gani mtu aliyeuzwa anaweza kujengewa maisha mapya, na nani ana haki ya kumpangia, misheni haikulipatia jibu moja.

Steere mwenyewe alitaka kanisa liwe na wahudumu Waafrika haraka iwezekanavyo. Ndiyo maana alisukuma Kiungani iwe zaidi ya shule ya kusoma na kuandika, pawe mahali pa kuandaa walimu na mashemasi. Kijana mmoja aliyepitia mikono hiyo, Cecil Majaliwa, aliwekwa wakfu kuwa padri mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo. Alifanya kazi miaka mingi Chitangali, katika nchi ya Wayao.

Baada ya 1882

Usiku aliendelea na tafsiri. Vitabu vya Agano Jipya vilikuwa vikitoka kimoja kimoja kwenye mtambo wa Unguja, pamoja na Kitabu cha Sala. Agosti 1882, akiwa na miaka 54, Steere alipatwa na kiharusi, akafariki ghafla nyumbani kwake. Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Wiki chache baadaye wapiganaji wa Kingoni, walioitwa Magwangwara, walivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuteka watu. Watumwa walioachwa huru waliingia tena hatarini, na watenda kazi wa misheni wakalazimika kwenda kuwakomboa baadhi yao kwa bidhaa.

Agano Jipya kamili la Kiswahili cha Unguja lilichapishwa mwaka 1883, na Biblia nzima mwaka 1891, ikimaliziwa na wenzake Steere. Arthur Madan, mtenda kazi wa misheni hiyohiyo, alikirekebisha kitabu cha sarufi cha Steere na kuendeleza msamiati wake hadi ukawa kamusi kubwa mbili, ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Wakati huo Mombasa nayo ilikuwa na wapenzi wake wa Kimvita, wenye hoja nzito: ndicho kilichobeba ushairi wa karne nyingi.

Mabishano hayo yalifika mezani mwaka 1928, serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilipokutana Mombasa kuchagua lahaja ya kutumika mashuleni na vitabuni. Walichagua Kiunguja. Sababu zilikuwa kadhaa. Biashara ya misafara ilikwishakieneza Kiunguja bara hadi Kongo, na Wajerumani walikuwa wamekitumia katika utawala wao Tanganyika. Nyingine ilikuwa rafu ya vitabu: sarufi, kamusi, hadithi na Biblia vilivyokwishaandikwa kwa lahaja hiyo. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaanzia hapo kazi ya kusanifisha tahajia na sarufi. Watetezi wa Kimvita hawakuridhika, na manung'uniko yao juu ya uchaguzi huo bado yanasikika Mombasa na Lamu.